Betts alishauzwa kabla Bloom hajaingia ofisini

Ukimwuliza shabiki wa Boston Red Sox, klabu ya besiboli ya Marekani, ni uamuzi gani wa klabu unaomuuma kuliko yote ya miaka ya karibuni, kuna uwezekano mkubwa akakutajia ule wa 10 Februari 2020. Siku hiyo Mookie Betts alipelekwa Los Angeles Dodgers pamoja na David Price, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira), na Boston ikapokea wachezaji watatu: Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Lawama zilimwangukia Chaim Bloom, ambaye ndiyo kwanza alikuwa na miezi mitatu na ushee kwenye kiti cha kusimamia kikosi. Zimemwandama tangu hapo, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya lawama hizo ni kumwangushia mtu jumba bovu.

Mashabiki, hata hivyo, wana hoja nzito. Boston ilimchagua Betts mwaka 2011 katika raundi ya tano ya uchaguzi wa vijana, ambapo klabu hupokezana kuchagua chipukizi, akakulia katika timu zake za chini, na mwaka 2018 akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa American League, mojawapo ya ligi mbili kuu: wastani wa upigaji wa .346 (yaani alifaulu karibu mara 35 katika kila majaribio 100), mipira 32 aliyoipiga nje ya uzio, beisi 30 za kuiba. Mwaka huohuo timu ilishinda mechi 108 na kubeba World Series, fainali ya ubingwa. Mtu wa namna hiyo, akiwa na miaka 27, hauzwi. Dodgers waliliona hilo upesi. Julai 2020, kabla hajawachezea hata mechi moja ya msimu, walimpa mkataba wa miaka 12 wa dola milioni 365. Ameshawasaidia kubeba ubingwa mara tatu: 2020, 2024 na 2025. Waliokuja Boston je? Downs alicheza mechi 14, akapiga .154, akaachiliwa. Verdugo alikuja kupelekwa kwa Yankees wa New York, mahasimu wenyewe. Wong, mdakaji (anayedaka mipira ya mrushaji), ndiye pekee aliyebakia kikosini hadi 2025.

Kuna na suala la kodi ya anasa, ile inayotozwa klabu ikipitisha mishahara juu ya kiwango kilichowekwa na ligi. Mwaka 2019 Boston ililipa kama dola milioni 13 na nusu. Hii ni klabu ambayo mwaka uliofuata Forbes iliikadiria kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 3. Shabiki anayekata tiketi za bei mbaya za Fenway Park, uwanja wa Boston, akiuliza kwa nini kipenzi chake aondoke kwa ajili ya kiasi hicho, ana haki. Mimi sina jibu la kumwokoa mmiliki, John Henry.

Ila jibu hilo anatakiwa kulitoa Henry, si Bloom. Mwanzoni mwa Septemba 2019 klabu ilimfukuza Dave Dombrowski, aliyekalia kiti hicho kabla ya Bloom. Mwisho wa mwezi huohuo Henry alikaa mbele ya waandishi wa habari akasema mishahara ya 2020 inapaswa kushuka chini ya kiwango cha kodi, yaani dola milioni 208. Kiti kilikuwa kitupu bado. Bloom aliajiriwa mwishoni mwa Oktoba, akitokea Tampa Bay. Baadaye Henry alilainisha kauli, akadai kwamba lilikuwa lengo tu wala si amri, lakini neno likishatoka limetoka. Klabu nyingine 29 zilikuwa zimelisikia. Ni kama mtu anayetangaza sokoni asubuhi kwamba gari lake lazima liuzwe leo kabla ya magharibi, kisha anamtuma mdogo wake akapatane bei.

Na huyo mdogo mtu alikuta nini nyumbani? Price alikuwa na mkataba wa miaka saba wa dola milioni 217. Chris Sale aliongezewa miaka mitano kwa milioni 145, ianze kuhesabiwa 2020, na Machi mwaka huo akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Nathan Eovaldi alikuwa na milioni 68 kwa miaka minne. Simlaumu Dombrowski; alipewa kazi ya kuleta kombe na kombe lilikuja. Ila bili yake ilikuwa inasubiri mwingine. Kuna kisa cha Rusney Castillo ambacho huwa hakisimuliwi vya kutosha: alisajiliwa 2014 kwa dola milioni 72 na nusu, akaachwa acheze ligi za chini huko Pawtucket, kwenye timu ya chini ya Boston, msimu baada ya msimu, na tangu 2016 hakupandishwa tena, kwa kuwa angepanda tu mshahara wake ungerudi kwenye hesabu ya kodi. Alikuwa akipiga vizuri huko chini. Haikusaidia kitu.

Sasa tuje kwenye namba ambayo nadhani ndiyo kiini cha mambo yote, nayo ni milioni 48. Price alibakiza miaka mitatu na dola milioni 96. Dodgers walikubali kubeba nusu. Kwa mwaka ni milioni 16, ukijumlisha na 27 za Betts, unapata zaidi ya milioni 40 zilizofutika kwenye vitabu vya Boston kwa karatasi moja. Shabiki anapohesabu alichopata Bloom anahesabu vichwa vitatu, halafu anacheka au anatukana. Hizo milioni 48 hazihesabu. Lakini ndizo zilizokuwa malipo makubwa. Price alikuwa na miaka 34, mkono wake ulishaanza kusumbua, na hakuna klabu ambayo ingemchukua kwa bei ile bila kuongezewa kitu. Alichoongezewa ni Betts.

Geuza hesabu upande wa pili. Tuseme Boston ingebaki na Price, au ingemsindikiza kwa kumlipia mshahara wote, na kumtoa Betts sokoni peke yake. Hata akiwa amebakiza msimu mmoja tu kabla ya kuwa mchezaji huru, naamini Dodgers wangeombwa chipukizi wa maana zaidi ya hao, na huenda wangetoa. Tofauti kati ya chipukizi hao na Downs ndiyo bei ya kumwondoa Price. Nani aliamua kwamba Price lazima aondoke? Aliyeweka ile milioni 208. Sisi tuliozoea soka tunaona mchezaji akiuzwa fedha zinaingia mezani na kila mtu anaziona. Besiboli ya Marekani hubadilishana watu kwa watu, na fedha hujificha ndani ya mikataba, ndiyo maana biashara hii inaonekana ya kijinga kuliko ilivyokuwa.

Iliripotiwa pia kwamba klabu ilishampa Betts ofa ya miaka 10 na takriban milioni 300, naye akakataa. Mwenyewe hakuficha kwamba alitaka kulionja soko. Wapo wanaosema angeongezwa tu. Sawa, na wangeongeza. Ila hilo nalo lilihitaji saini ya Henry.

Bloom ana makosa yake, na hayo nisiyafunike. Agosti 2022 hakuamua kama anauza au anapigania nafasi. Alimtoa mdakaji Christian Vázquez kwa Houston Astros siku ambayo Boston ilikuwa hukohuko Houston ikijiandaa kucheza nao, jamaa akabadilisha vyumba vya kuvalia ndani ya uwanja uleule, lakini wengine waliokuwa wanamaliza mikataba wakabaki. Timu ilimaliza mkiani, na bado ikavuka kiwango cha kodi kwa dola milioni chache. Kodi yenyewe ilikuwa ndogo. Adhabu iliyouma ni nyingine: Xander Bogaerts alipokwenda San Diego kwa milioni 280, fidia ambayo Boston ilipewa kwa kumpoteza katika uchaguzi wa vijana ilishushwa hadi baada ya raundi ya nne. Mtu aliyeletwa kubana matumizi kushindwa kubana milioni nne na kitu ni jambo la aibu, sina namna ya kulipamba. Mkiani tena 2023, na Septemba akafukuzwa.

Lakini tazama alichoacha ghalani. Marcelo Mayer alichaguliwa 2021, Roman Anthony 2022. Yule Vázquez aliyevuka chumba alimleta Wilyer Abreu, mlinzi wa kulia, nafasi ileile ya Betts, na mwaka 2024 Abreu akapata Gold Glove, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake. Kyle Teel, chaguo la kwanza la 2023, alikuwa miongoni mwa waliotolewa kumpata Garrett Crochet, mrushaji aliyeibeba timu 2025. Msimu huo Boston ilishinda mechi 89 na kurudi kwenye mchujo wa Oktoba, japo Yankees waliwatoa mapema. Aliyesimama mbele ya kamera wakati huo ni Craig Breslow, mrithi wa Bloom.

Na Breslow naye alikuwa na Februari 2020 yake. Juni 2025 Rafael Devers, ambaye klabu ilimpa milioni 313 na nusu kwa fahari kubwa, alipelekwa San Francisco baada ya kuvutana na mabosi kuhusu nafasi ya kucheza, na Giants wakabeba mkataba wote uliobaki, zaidi ya milioni 250. Ofisi imebadilika mkuu, nyota wanaendelea kuondoka, na kila mara mstari unaong'aa zaidi kwenye makubaliano ni ule wa fedha zilizofutwa. Mwenye klabu ni yuleyule.

Bloom sasa yuko St. Louis, ambako anaongoza ofisi ya Cardinals tangu msimu wa 2025 ulipokwisha. Novemba ya mwaka huohuo alimtoa mrushaji Sonny Gray, mwenye mshahara mkubwa, na aliyempokea ni Boston. Safari hii makubaliano yaliandikwa kinyume na ya Price: Cardinals walisindikiza mchezaji na dola milioni 20, ili warushaji vijana watakaokuja badala yake, Richard Fitts na Brandon Clarke, wawe wa kiwango ambacho Gray peke yake na mshahara wake asingekileta.