Bendi ya nne, na hesabu ya viazi karai

Saiba moja (duka la intaneti) ya Mwembe Tayari, Mombasa, asubuhi, kijana na mamake wamebanana kwenye kiti kimoja mbele ya kompyuta. Mama huuza viazi karai na bhajia Kisauni. Manjano ya unga bado imo kwenye kucha zake. Majibu ya ombi la pesa za chuo yametoka. Kijana akasoma kwa sauti ya chini: bendi ya nne. Akanyamaza, kama aliyesomewa matokeo ya mtihani aliofeli. Mama hakushtuka. Aliuliza tu, "Haya, bendi ya nne. Sisi twatoa ngapi?"

Swali hilo ndilo la kuanza nalo, na wengi hulisahau. Bendi si alama. Ni makisio ya mashine kuhusu nyumba yenu, na kila bendi ina mgawo wake. Tangu Serikali ya Kenya ilipobadilisha ufadhili wa vyuo vikuu mwaka 2023, gharama ya kozi hukatwa mafungu matatu: ufadhili usiolipwa, mkopo wa HELB (bodi ya Serikali ya mikopo ya elimu ya juu), na mchango wa familia. Kwa viwango vya mwaka 2024, bendi ya kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Ya nne, ufadhili 40, mkopo 30, familia 30. Ya tano, ambayo ni ya nyumba zinazodhaniwa kupata zaidi ya shilingi 120,000 kwa mwezi, familia hubeba asilimia 40. Kando ya hayo kuna mkopo wa kujikimu, shilingi 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza, ukishuka hadi 40,000 kwa bendi ya tano. Huo wa kujikimu ndio unaomfikia mwanafunzi mkononi. Ufadhili na mkopo wa karo huenda chuoni moja kwa moja, kwa hivyo anayesubiri kuuona kwenye simu yake atasubiri sana.

Tuchukue kozi ya shilingi 240,000 kwa mwaka, hesabu iwe rahisi. Bendi ya nne, nyumba inatakiwa kutoa 72,000. Igawanye kwa siku za mwaka: karibu shilingi 200 kila siku, Idi ikiwemo, siku ya mvua ikiwemo, siku ya askari wa kaunti kuwafukuza wachuuzi ikiwemo. Mama alipoisikia hivyo ndipo alipokunja uso.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijasikia ikizungumzwa, nami naiona ndiyo ya kutisha. Katika kozi hiyo hiyo, mwanafunzi wa bendi ya nne hukopa 72,000 za karo na 45,000 za kujikimu, jumla 117,000 kwa mwaka. Wa bendi ya kwanza hukopa 60,000 za karo na 60,000 za kujikimu, jumla 120,000. Yaani maskini wa mwisho kabisa anatoka chuoni na deni kubwa kuliko jirani yake anayejiweza. Mambo hugeuka tu kozi ikizidi shilingi 300,000. Juu ya deni hilo kuna riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Kwa nyumba nyingi za Waislamu hapa Pwani, riba si suala la asilimia. Ni suala la halali na haramu, na nawajua waliokataa mkopo wote wakaenda kupitisha bakuli kwa ami na shangazi. Kwa hivyo anayeshangilia bendi ya kwanza ashangilie, lakini asome na mstari wa mkopo.

Je, mpango wenyewe ni mbaya? Siko upande huo moja kwa moja. Mfumo wa zamani ulimpa kila aliyepelekwa chuo na Serikali ruzuku ya karo bila kuangalia uwezo wa nyumba, mtoto wa mwenye hoteli Nyali sawa na mtoto wa kibarua wa bandarini. Mwenye hoteli alikuwa ameshalipia shule ya bweni kwa mwaka pesa nyingi kuliko karo ya chuo, kisha chuoni akabebwa na kodi ya kibarua. Vyuo navyo vilizama kwenye madeni ya mabilioni. Kupima uwezo wa nyumba, kisha anayejiweza akatoa zaidi, ni haki ninayoweza kuitetea barazani bila aibu.

Mzozo uko kwenye mizani. Serikali inasema inaangalia hali ya wazazi, jinsia, aina ya kozi, eneo lililotengwa, ulemavu, ukubwa wa familia. Sawa. Lakini kila kimoja kina uzito gani? Jibu linalotoka halikwambii. Linakupa bendi, basi. Na fomu yenyewe imekaa kimshahara: inataka kipato cha mwezi, kana kwamba kila mtu ana karatasi ya malipo. Mombasa hii, dereva wa tuktuk ana kipato cha siku, kibarua wa meli ana kipato cha meli ikiingia, mfanyakazi wa hoteli ana kipato cha msimu.

Mnamo Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mpango huu kuwa kinyume cha Katiba, pamoja na mambo mengine kwa ubaguzi na kwa kutoshirikisha umma ipasavyo. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo kwa muda. Wanasheria wataendelea kuvutana. Karo ya muhula haingoji.

Turudi saiba. Nilimwomba kijana anionyeshe alichojaza. Kipato cha mzazi: 90,000 kwa mwezi. Nikamtazama mama, mama akamtazama mwanawe. Kumbe alipoulizwa, mama alitaja hesabu ya Ramadhani, kwa kuwa ndiyo pekee anayoiandika kwenye daftari, na futari huuza kweli: shilingi 3,000 kwa siku, mara 30. Na hiyo ilikuwa mauzo. Gunia la viazi, mafuta, makaa, yote yalikuwa bado humo ndani. Mashine iliambiwa 90,000, ikamweka kwenye bendi ya wanaopata kati ya 70,000 na 120,000. Ukweli ni kwamba hapo haikukosea.

Wanaoutetea mpango watasema: mnaona, kosa ni la mwombaji. Ni kweli, nusu. Nusu nyingine ni kwamba kama jibu lingetaja sababu, kwa mstari mmoja tu, "kipato cha mzazi 90,000", mama angeligundua kosa kabla hata ya kumaliza chai. Bila sababu, mtu hukata rufaa kwa kukisia. Nimeona kijana akipakia picha ya nyumba ya makuti kuthibitisha umaskini, ilhali kilichompandisha bendi huenda kilikuwa shule ya bweni aliyolipiwa na mjomba. Wengine hawakati rufaa kabisa. Huona kompyuta imesema, imepita. Hao ndio ninaowahofia zaidi.

Tulifungua sehemu ya kuomba kupangwa upya. Kijana akaanza kuandika upya kwenye karatasi, mwezi wa kawaida safari hii, si wa kufunga. Viazi, gunia moja na nusu kwa wiki. Mafuta. Makaa. Kodi ya meza. Mama aliinama juu ya bega lake, akifuata kwa kidole, midomo ikicheza.

"Na ukwaju?" akauliza. "Mbona ukwaju hujaandika?"