Diwani Akiwa na Swali, Amuulize Nani?

Baba yangu mdogo alikuwa diwani Mwanza kwa kipindi kimoja. Kata siitaji, watoto wake bado wanaishi palepale. Mwaka wake wa tatu, shemeji yake aliomba kubadilisha matumizi ya kiwanja, kutoka makazi kwenda biashara, na ombi likaangukia kamati ya mipango miji ambayo baba mdogo alikuwa mjumbe. Alihisi kuna tatizo. Akamfuata ofisa mmoja mzoefu, akamuuliza afanyeje. "Mheshimiwa, wewe kaa kimya tu, usichangie."

Akakaa kimya. Ombi likapita. Haikuchukua muda, habari zikafika mpaka soko la samaki la mwaloni Kirumba kwamba diwani kampitishia shemeji yake kiwanja. Yule ofisa alipoulizwa, hakukumbuka kusema lolote. Kwenye kura za maoni za chama zilizofuata baba mdogo alianguka vibaya, na hadi leo hapiti ile njia ya kiwanja.

Alichotakiwa ni kutangaza maslahi yake, kisha atoke nje ya ukumbi. Sentensi moja tu, na hakuna aliyempa. Aliniambia kwa simu, sauti imemkauka: "Mwanangu, ningemuuliza nani mwingine?"

Swali hilo nimekuja kulipatia jibu huku Ontario, Kanada, ninakoishi mwaka wa tisa sasa. Toronto walimweka Kamishna wa Uadilifu mwaka 2004, na tangu tarehe 1 Machi 2019 sheria inataka kila halmashauri ya jimbo hili, kubwa kwa ndogo, iwe na huduma yake. Kamishna hupokea malalamiko ya wananchi, lakini kazi yake ninayoionea wivu ni nyingine: diwani mwenye shaka humwandikia kabla ya kikao, naye hujibu kwa maandishi. Na karatasi hiyo ina uzito. Diwani akishtakiwa kwa mgongano wa maslahi, jaji anaweza kumvua kiti na kumzuia hadi miaka saba, ila sheria inamruhusu jaji kuangalia kama diwani alimweleza kamishna ukweli wote aliokuwa nao na akafuata ushauri aliopewa. Mtu aliyeuliza mapema hawekwi kapu moja na aliyejificha.

Huku nako kuna kasoro. Kamishna huteuliwa na baraza lilelile analolichunguza, jambo ambalo mimi silipendi. Lakini jibu lipo, na lina sahihi ya aliyelitoa.

Nyumbani hatukosi sheria. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, 1967, hayakuhitaji mshauri: usiwe na hisa kwenye kampuni, usipokee mishahara miwili, usipangishe nyumba. CCM ilipoyalegeza kwenye kikao chake cha Zanzibar mwaka 1991, na sheria ya maadili ya 1995 ikamwacha kiongozi amiliki mali mradi azitamke, maswali yakawa magumu zaidi. Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma imo kwenye Katiba, ibara ya 132, na ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko hapohapo Mwanza. Ila madiwani niliozungumza nao wanaijua kwa fomu ya mali na madeni, ile ya kuwahi kabla ya tarehe 31 Desemba. Wanapeleka, wanaondoka haraka. Kwenda kuuliza kitu wanaona ni kujichongea.

Na maswali wanayo, tena mazito kuliko ya huku. Diwani wa Ontario haamshwi alfajiri na mfiwa anayetafuta hela ya sanda. Wetu anaamshwa. Kadi za harusi zinamsubiri, jezi za vijana, mafuta ya gari la kupeleka mgonjwa Bugando. Posho haitoshi, basi mwenye mitumbwi kumi anampa bahasha "ya kusaidia msiba". Je, hiyo ni zawadi ya diwani au mchango wa mfiwa? Na kesho mwenye mitumbwi akija na shida halmashauri? Swali kama hili halijibiwi na semina ya siku moja baada ya kuapishwa. Linahitaji mtu anayeijua kanda, anayepokea simu, anayejibu kwa barua kabla bahasha haijafunguliwa.

Sasa mdogo wangu, binti wa baba mdogo yuleyule, naye ni diwani. Wiki iliyopita alinipigia: wavuvi wa kata yake wamechangishana wamnunulie mashine ya boti afike visiwani kwa urahisi. Anaitaka, visiwani anahitajika kweli, na wengine kati ya hao wavuvi wana maombi yao halmashauri. Nilimwambia asiipokee kwanza. Aandike barua, aeleze kila kitu bila kuficha jina wala bei, aombe jibu la maandishi.

Jumatatu aliipeleka ofisi ya kanda. Amenitumia picha ya nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mashine bado iko dukani.