Deki ya Bei ya Kati Ipimwe kwa Diski Mbovu

Mtu anayeingia duka la vifaa vya umeme pale Darajani, Unguja, au Chake Chake, Pemba, kutaka deki ya DVD huonyeshwa jambo moja tu: muuzaji huchomeka mashine, huweka diski mpya inayong'aa aliyoihifadhi mahsusi kwa kazi hiyo, picha hutoka safi, na biashara huishia hapo. Jaribio hilo halimwambii mnunuzi chochote. Diski iliyotoka kiwandani husomwa na kila deki, ya bei ya chini na ya bei ya juu, na picha inayotoka huwa karibu ile ile, kwa sababu imeandikwa ndani ya diski yenyewe, mistari 576 kwa PAL, mfumo wa picha za televisheni tunaoutumia, wala hakuna mashine iwezayo kuchora kisichokuwemo. Maoni yangu, baada ya kukaa na deki ya bei ya kati kwa muda mrefu hapa Wete, Pemba, ni kwamba thamani yake iko katika namna inavyoshughulika na diski mbovu, na kwamba anayetaka kuipima hana budi aende dukani na diski yake iliyo mbaya kuliko zote.

Nikisema bei ya kati nakusudia deki zilizo juu ya zile zisizo na jina la kiwanda, ambazo ukizinyanyua ni nyepesi kama sanduku tupu la viatu, na chini ya mashine za Blu-ray, ambazo hapa kwetu mtu huhangaika kuzipatia diski za kuchezesha. Yangu imebeba jina la kampuni ya Japani mbele na maandishi ya nyuma yanayosema imetengenezwa China. Nililipa chini kidogo ya laki na ishirini, na jirani yangu akanunua nyengine kwa elfu arobaini katika duka hilo hilo, yenye vitufe vingi zaidi, taa za rangi na matundu mawili ya maikrofoni kwa ajili ya karaoke. Kwa kuzitazama tu, mtu angedhani yake ndiyo ghali. Tofauti ilikuwa ndani: kwenye lenzi, kwenye reli inayoisogeza lenzi hiyo, na kwenye programu inayoamua nini kifanyike pale diski inaposomeka nusunusu.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu ajishughulishe na deki wakati king'amuzi kipo, simu ipo, na filamu zinagawiwa kwenye flashi. Kwa upande wa filamu nakubaliana nao; tamthilia za Kihindi na za Kituruki sizitafuti tena kwenye diski. Lakini nyumba nyingi ninazozijua, Pemba na Unguja, zina rundo la diski ambazo haziuzwi popote: harusi, maulidi, mahafali ya skuli, mawaidha ya masheikh waliokwisha kutangulia mbele ya haki, salamu za jamaa walioko Maskati. Katika hizo, diski za harusi ndizo zinazoifanya deki iwe mali. Sherehe ya wanawake hupigwa picha na mwanamke, ndani ya ukumbi uliofungwa, bi harusi akiwa na hina yake na mapambo yake, wenzake wakiwa wamevua mabuibui, na siku hizi wenye shughuli wengi hukataza simu tangu mlangoni. Diski inayotokana na kazi hiyo hukabidhiwa mama mtu mkononi na hukaa kabatini chini ya ufunguo. Haiwezi kurushwa kwenye kundi la WhatsApp kwa kubonyeza mara moja. Anayetaka kuitazama hupiga hodi, hukaribishwa, hukaa na wenyewe, na wanaume huombwa watoke sebuleni. Sioni kifaa cha siku hizi kinachoilinda sitara ya aina hiyo kwa urahisi huo, na ndiyo maana wifi yangu, aliyekwisha kubadilisha televisheni mara kadhaa, hataki kusikia habari ya kuitoa deki yake.

Tatizo ni kwamba diski hizo ndizo ngumu kuliko zote kusomeka. Diski ya kiwandani hupigwa vishimo halisi kwenye plastiki. Diski ya kuchomwa studioni ina tabaka la rangi maalumu ambalo leza ya kompyuta hulibadilisha kwa joto, na mwanga unaorudi kutoka kwenye tabaka hilo mara nyingi ni hafifu kuliko ule wa diski ya kiwandani. Njia ya data kwenye DVD huzunguka kwa nafasi ya maikromita 0.74 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kati ya mzunguko mmoja na mwengine, chini ya nusu ya ile ya CD ambayo ni 1.6, hivyo leza nyekundu ya nanomita 650 inayoifuata njia hiyo haina nafasi ya kuyumba. Ongeza hapo studio ya mtaani inayochoma kwa kasi ya juu kabisa ili iwahi kukabidhi kazi ya harusi mbili, kwenye diski za bei rahisi kuliko zote sokoni, halafu ongeza miaka ya kuazimana baina ya mashangazi. Baadhi zimeandikwa DVD-R na nyengine DVD+R, mifumo miwili iliyotoka kwa makundi mawili ya makampuni yaliyoshindana. Deki nyingi za zamani zilikuwa zikibagua, na nyingi za baadaye zinasoma zote mbili. Zipo pia ambazo fundi wa studio alisahau kuzifunga mwishoni mwa kuchoma, yaani kuzikamilisha ili zisomeke kwenye mashine nyengine, na hizo deki nyingi huzikataa bila ya kusikiliza rufaa.

Deki yangu ikikutana na mkwaruzo hupunguza mwendo, hurudi nyuma kidogo, hujaribu tena, kisha huruka sekunde chache na kuendelea. Ile ya jirani, tulipoijaribu kwa diski hiyo hiyo, iliganda bi harusi akiwa ameinua mkono kuonyesha hina, na haikukubali hata kuitoa diski mpaka tulipoichomoa kwenye umeme. Hapo ndipo nilipoona laki yangu imekwenda wapi. Bila shaka diski ya harusi haifai kupelekwa dukani kwa majaribio mbele ya wateja wote waliosimama pale, lakini studio ile ile iliyochoma harusi huwa imechoma pia maulidi na mahafali, na diski moja ya maulidi iliyochoka inatosha kumtoa muuzaji jasho. Akikataa kuijaribu, kwa kisingizio kwamba itaharibu lenzi, mnunuzi aelewe kwamba amekwisha kupata jibu lake. Mkwaruzo kwenye diski hauwezi kuidhuru lenzi isiyoigusa.

Diski za kununuliwa nje zina fitina yao nyengine. Makampuni ya filamu yaliigawa dunia katika maeneo sita na kuandika nambari ya eneo ndani ya diski. Sisi tumo eneo la 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika na Bara Hindi. Oman na Falme za Kiarabu zimo eneo la 2, pamoja na Ulaya na Japani. Marekani na Kanada ni eneo la 1. Kwa familia ya Kizanzibari mgawanyo huo ni kichekesho, kwani ami yuko Maskati, mtoto wake yuko London, na zawadi za watoto hutoka kokote kule. Deki nyingi zinazouzwa kwetu huwa zimefunguliwa zisome maeneo yote, lakini ile inayoletwa na jamaa kutoka Ulaya mara nyingi imefungwa eneo la 2, na huwa ghali isivyostahiki kwa sababu huenda isisome filamu iliyonunuliwa Bombay. Diski ya kuchomwa nyumbani kwa kawaida haina nambari ya eneo, lakini ikichomwa Kanada huenda ikawa ya mfumo wa NTSC, wenye mistari 480, na hapo televisheni ya zamani huonyesha picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka. Deki nzuri ina mahali pa kuchagua PAL, NTSC au kujirekebisha yenyewe, na jambo hilo huulizwi dukani. Unapaswa kuuliza wewe.

Televisheni za zamani nazitaja kwa sababu bado zipo. Zanzibar ilianza kuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, wakati Bara ilisubiri mpaka 1994 kupata kituo chake cha kwanza, na nyumbani kwetu chombo hicho hakitupwi maadamu kinawaka. Kwa televisheni ya chogo, waya wa manjano, mwekundu na mweupe unatosha kabisa. Kwa televisheni bapa, deki yenye tundu la HDMI hutoa picha iliyotulia zaidi, ingawa maandishi ya boksi yanayodai kwamba DVD itageuka kuwa picha ya mistari 1080 yasomwe kwa tahadhari: mashine hukadiria mistari ya kujazia, haiipati kutoka kwenye diski. VCD za zamani, zenye mistari 288 tu, kwenye kioo kikubwa hazitazamiki, na hilo deki haina kosa nalo.

Kinachoua deki kwetu zaidi ni umeme. Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme ya chini ya bahari ilipopata hitilafu. Pemba ilikuwa ikitegemea majenereta ya Wesha mpaka mwaka huo wa 2010 ulipoletwa waya kutoka Tanga. Giza lenyewe halikudhuru kifaa chochote. Madhara huja umeme unaporudi kwa kishindo, na pia pale unaposhuka mpaka taa zikawa nyekundu. Hapa ndipo maandishi madogo ya nyuma yanapokuwa na faida kuliko yote ya mbele: deki iliyoandikwa volti 100 mpaka 240 huvumilia kushuka huko, ile iliyoandikwa 220 mpaka 240 huvumilia kidogo, na ile iliyokuja mtumba kutoka Japani ikiwa na volti 100 peke yake huungua siku ya kwanza. Mimi huichomoa kabisa kwenye soketi baada ya kutazama, kwa kuwa kuizima kwa rimoti huiacha ndani ikiwa macho.

Hewa ya bahari na vumbi huja nafasi ya pili. Lenzi hupata ukungu, na dalili yake ni deki kuanza kuchagua diski. Kuna jambo ambalo mafundi wanalijua na wateja wengi hawaambiwi, nalo ni kwamba deki ina leza mbili, moja ya DVD na moja ya CD, na zinaweza kuchoka kwa nyakati tofauti. Ikiwa mashine inacheza VCD vizuri na inakataa DVD zote hata baada ya lenzi kupanguswa kwa pamba na spiriti, basi leza nyekundu imechoka, na kuendelea kuipangusa ni kuchezea muda. Kwa deki ya elfu arobaini, lenzi mpya pamoja na ujira wa fundi hukaribia bei ya mashine, kwa hiyo hutupwa. Kwa ya bei ya kati kubadilisha lenzi kuna maana, hasa kwa vile viwanda vingi hutumia lenzi za aina chache zinazofanana, na fundi wa Pemba huweza kuagiza kutoka Unguja ikaja na boti.

Mengine yanayopigiwa debe siyahesabu. Sauti iliyogawanywa kwa spika sita haina kazi kwa mtu mwenye sabufa moja sebuleni, karaoke sijaiona ikitumika zaidi ya wiki ya kwanza, na rimoti yenye vitufe hamsini humchosha bibi anayetaka vitatu tu.

Upungufu mmoja wa deki yangu unanisumbua kweli. Haiwezi kunakili DVD kwenda kwenye flashi, na sijaiona ya bei yake inayoweza. Tundu la USB la mbele ni la kusomea, na kwa zile zenye kitufe cha kurekodi, hugeuza muziki wa CD kuwa MP3 na kukomea hapo. Wakati huo huo tabaka la rangi kwenye diski za kuchomwa hufifia kwa joto na mwanga, na joto letu halina likizo. Kunakili kunataka kompyuta yenye sehemu ya diski, ambayo kompyuta mpakato nyingi mpya zimeiacha, na kupeleka kibandani kwa kijana asiyejulikana ni kuivunja ile sitara iliyotufanya tuibakishe diski. Kwetu tumekubaliana kwamba mpwa wangu wa kike, mwenye kompyuta ya zamani, ndiye atakayezinakili, kwenye diski ngumu isiyounganishwa na intaneti wala simu ya mtu. Deki ndiyo inayotupangia foleni, kwani kila diski inayoanza kurudiwa mara mbili kabla ya kusomeka hutolewa kabatini na kupelekwa kwake kwanza.