Kiwanja Kilicholala na Mama wa Viazi

Ukishuka ufuoni Malindi hukosi kuona kiwanja kilichozungushiwa ukuta wa matumbawe, ndani nyasi za kiunoni, lango limefungwa mnyororo ulioshika kutu. Nje ya ukuta huohuo mama kateleka karai lake la viazi. Yeye ushuru wa kaunti humfuata pale pale mezani. Mwenye kiwanja, ambaye huenda hata Malindi haishi, anangoja bei ipande.

Kwa hiyo nikisikia watu wakisema kodi ya thamani ya ardhi, ambayo ingemfikia mwenye kiwanja kama huyo, itamnyang'anya bibi minazi yake, nashangaa. Kodi hii haihesabu jengo. Kinachopimwa ni kiwanja kama kwamba ki tupu: kiko wapi, barabara i karibu kiasi gani. Ukijenga ghorofa tatu, hulipi zaidi. Ukifuga nyasi, hulipi pungufu. Wala si ngeni kwetu. Reti, yaani kodi ya mali inayotozwa na miji ya Kenya, kwa miaka mingi zilikadiriwa kwa ardhi peke yake, na kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinaziruhusu kaunti kutoza kodi ya mali.

Mimi hili la bei ndilo linalonikaa rohoni. Mradi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa 2012, gati la kwanza likafunguliwa 2021. Aliyewahi kununua ekari huko Hindi au Mokowe, karibu na bandari hiyo, hakupanda hata mti. Bei alipandishiwa na barabara na gati, kwa pesa za umma, kisha faida yote akatia mfukoni. Kaunti ikirudi kudai sehemu yake hapo, imemdhulumu nani?

Wanaopinga wana lao. Nairobi ilitumia daftari la thamani za viwanja la 1982 kwa miongo mitatu na zaidi, na daftari chakavu halitozi kwa haki. Mji wa kale wa Lamu nao una warithi wa nyumba za mawe wenye ardhi ghali na mfuko mtupu. Ukiwabana, mnunuzi mgeni yuko barazani. Hao deni lao lingoje hadi nyumba iuzwe.

Zito zaidi ni hati. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa mwambao wakadai ardhi zao, wengi hawakudai, na hadi leo wapo wanaolima bila karatasi na wenye karatasi wasioonekana. Wengi husema hapo ndipo kodi itakapokwama. Mimi naona bili ikiandikwa jina la mwenye hati, si la mlimaji, huyo asiyeonekana atajitokeza, hata kama ni kwa wakili.