Mkeka Uingie Darasani kama Hesabu, Usiwe Kibarua

Katika kijiji kimoja nje ya mji wa Lindi kuna mama anayeshona mikeka ya ukindu barazani kwake. Nilimkuta ameshazungusha shupatu, ule ukanda mrefu uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka, likawa kama gurudumu, nikamuuliza amejuaje kwamba linatosha mkeka mmoja. Hakuhitaji karatasi. Shupatu lake lina upana wa vidole vinne, kama sentimeta 8, na mkeka alioutaka ulikuwa wa sentimeta 120 kwa 160. Mia na ishirini gawanya kwa nane, unapata mistari 15. Kila mstari sentimeta 160, jumla mita 24. Yeye alisema tu, "Pima kumi na tano," kwa sababu pima yake, mikono ikinyooshwa, ni hiyo hiyo sentimeta 160. Mjukuu wake wa darasa la tatu alikuwa pembeni anachana ukindu. Daftari lake la Hisabati lilikuwa mkobani, na kazi ya nyumbani ilikuwa haijaguswa.

Hesabu ile na daftari lile vilikuwa hatua tatu tu kutoka kimoja hadi kingine, na havijuani. Hilo ndilo linalonifanya niupime upya mjadala wa kutumia kazi za mikono za asili kufundishia watoto wetu wa Mtwara na Lindi. Mjadala wenyewe umepata nguvu tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024. Sekondari sasa kuna mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, na shule za msingi zina somo la Sanaa na Michezo. Mlango uko wazi. Swali ni nini kipite, na kipite kwa jina gani.

Wanaounga mkono wana hoja nzito, na mimi niko karibu nao. Kusini hii ni hazina. Chukua dema la kuvulia samaki, linalosukwa kwa fito katika vijiji vya pwani. Matundu yake yana pembe sita. Mtoto anayehangaika kukariri maumbo ubaoni anaweza kulishika dema, akahesabu pembe kwa kidole, akaona jinsi matundu yanavyopangika. Mwalimu akipenda kwenda mbele, atauliza samaki wa ukubwa gani anatoka na yupi anabaki, na hapo somo limeshaingia kwenye uvuvi na mazingira.

Chukua chungu. Mama mfinyanzi huponda vigae vya vyungu vilivyovunjika akavichanganya na udongo mbichi ili chungu kisipasuke, kisha hukiacha kikauke siku kadhaa kabla ya kukipeleka motoni. Ukimuuliza, atakwambia chungu kibichi kikichomwa hupasuka kwa kishindo. Ni maji yaliyojificha udongoni yanageuka mvuke na kutafuta njia ya kutoka. Mada ya hali za maji iko pale, kwenye majivu. Au mpingo, mti wa wachongaji. Karibu kila mti mtoto anaoujua ukiutupa majini unaelea, lakini kipande cha moyo mweusi wa mpingo kinazama. Weka ndoo mbele ya darasa, tupia kijiti cha mkorosho na kijiti cha mpingo, kisha nyamaza. Maswali watauliza wao.

Kuna na hoja ya heshima. Kinyago cha Kimakonde kinajulikana duniani, lakini wachongaji wengi wameshahamia Dar es Salaam, na anayetaka kuviona vinyago kwa wingi huelekezwa Mwenge, kwenye soko la vinyago la jijini humo. Mtoto wa Newala anaweza kumaliza shule bila mwalimu hata mmoja kumwambia kwamba kazi ya babu yake ni maarifa.

Sasa upande wa pili, ambao nadhani tunausikiliza kwa haraka mno.

Wazazi wengi wa rika la bibi zetu wanaikumbuka Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Wazo lilikuwa zuri: shule isimtenge mtoto na kazi ya jamii yake. Lakini waulize waliosoma wakati huo wanakumbuka nini. Wengi watakutajia jembe na ndoo ya maji, na wengine shamba la mwalimu. Somo lililotakiwa kutoka kwenye lile jembe halikuja. Kwa hiyo mzazi wa Tandahimba akisikia kwamba shule itawasukisha watoto ukili, wasiwasi wake hautoki hewani. Anajua kusuka mtoto atajifunza nyumbani. Shuleni amempeleka akapate kile ambacho nyumbani hakipo. Tena ni mkoa wa korosho huu. Msimu ukifika kuna watoto wanaokotea wazazi wao korosho asubuhi ambayo wangekuwa darasani. Kumwongezea mtoto huyo kazi nyingine ya mikono na kuiita elimu ni kumdhulumu.

Mtihani nao upo. Mwalimu mwenye watoto themanini, akijua wataulizwa maswali ya kuchagua jibu, atatafuta njia fupi. Simlaumu. Kuhusu vifaa sina mengi: tezo na patasi si vya mtoto wa miaka tisa, basi.

Lakini pingamizi ninalolipa uzito kuliko yote ni la siri. Si kila kitu kilichochongwa ni cha kuonyeshwa. Barakoa ya mapiko, ngoma ya Kimakonde ya kuvaa vinyago, ina watu wake na wakati wake, na imefungamana na jando. Nani yuko ndani yake si jambo la kutangazwa mbele ya watoto mchanganyiko saa nne asubuhi. Vyombo na mafunzo ya unyago vivyo hivyo. Mwalimu kijana aliyepangiwa kazi kutoka mkoa mwingine anaweza kudhani anautukuza utamaduni, kumbe ameukanyaga. Na kwenye vijiji vya Waislamu, wapo wazazi wasiotaka mtoto wao achonge sura ya mtu. Hilo pia ni la kuheshimiwa bila kubishana nalo. Mkeka, chungu na dema havina tatizo hilo. Tuanze navyo.

Kwa maoni yangu, ugomvi wote unatokana na herufi chache. Kufundisha kusuka ni jambo moja, kufundishia kwa kusuka ni jingine. La kwanza linamtaka mtoto atoe mkeka, na shule ikishazoea kupata mikeka, itaitafutia soko, na hapo tumerudi kwenye shamba la mwalimu. La pili halihitaji mkeka uishe. Linahitaji dakika arobaini, shupatu la urefu wa mkono, na swali zuri. Mfano: ukiweka chane nyekundu kila ya nne na chane ya zambarau kila ya sita, zitagombania nafasi wapi? Kwenye ya 12. Hicho ndicho kigawe kidogo cha shirika, KDS, ambacho watoto wanakiogopa kama chatu.

Kwa hiyo ningependa kila shule inayojaribu ijiwekee mipaka: kazi ya mtoto isiuzwe, na isichukue kipindi cha somo ambalo haisaidii kulifafanua. Kitakachotoka jandoni na unyagoni kiamuliwe na wazee wenyewe, na wakikataa, iwe imekataliwa. Fundi naye alipwe. Hili nalisema kwa uchungu, maana nimeona zaidi ya mara moja mama akiitwa shuleni na chungu chake, anapigiwa makofi, anapewa soda, anarudi nyumbani kwa miguu. Mwalimu wa Hisabati hatumlipi kwa makofi. Kamati ya shule ikishindwa kupata nauli na chochote cha kumpa fundi kwa siku hiyo, bora isimwite.

Siku ile barazani, yule mjukuu alitaka kuhakikisha maneno ya bibi yake. Ni mdogo wa umbo, mikono yake ikinyooshwa haizidi sentimeta 120. Alilifungua shupatu lote, akalipima kwa pima zake kutoka mwanzo hadi mwisho, huku anahesabu kwa sauti. Akapata 20. Akarudia, ikawa 20. Akamwambia bibi yake amekosea. Bibi akasimama, akalinyoosha lile lile shupatu kifuani kwake, akahesabu hadi 15. Wakatazamana. Kisha mtoto akamshika bibi mkono, akauweka sambamba na wake, kiganja juu ya kiganja, akaanza kuangalia ulizidi wapi.