Kesi ya Kisangani, visima vya Kalebuka

Tangu mwezi wa sita 2025, Constant Mutamba alipojiuzulu uwaziri wa sheria wa Kongo, habari ni moja tu katika redio na mabasi ya Lubumbashi: dola milioni 19 za kujenga gereza la Kisangani zilipita wapi? Tarehe 2 mwezi wa tisa Korti ya Kasasioni ikamhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa hela hizo, na ubishi ukazidi kuwaka. Wengine wanalia kwamba ameonewa, wengine wanasema miaka mitatu haitoshi.

Haya, anayegusa mali ya umma afikishwe kortini, sipingi. Lakini mwaka huohuo UNICEF ilihesabu wagonjwa wa kolera zaidi ya 64,000 nchini, na Haut-Katanga yetu ni kati ya mikoa ambayo ugonjwa huu hauihami. Ni kipindi gani cha redio kilichokesha juu ya hilo? Hata Kasapa, gereza letu wenyewe lililojaa kupita kiasi, halikutajwa katika kelele zote hizo za gereza la Kisangani.

Tazameni kisima cha kawaida cha Kisanga au Kalebuka, mitaa ya Lubumbashi. Kiwanja ni kidogo, choo kiko hatua chache tu, na kanuni inataka mita 30, tena choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Mvua zikikolea, maji ya chini ya ardhi yanapanda mpaka yanafikia shimo la choo. Kisima hakina ukingo, basi tope la uani linarudi ndani. Kamba inalala chini, na kila jirani anakuja na ndoo yake. Kinachotakiwa kinajulikana: ukingo wa sentimita 60 hivi, sakafu ya sementi ya mita moja kuzunguka yenye mfereji wa kutoa maji, kifuniko, na ndoo moja isiyoondoka hapo. Wenye robine ya Rejideso, shirika la maji, nao wasijione salama. Umeme ukikatika pampu zinasimama, presha inashuka, na bomba lililopasuka linanyonya maji machafu ya mtaroni. Umeme ukirudi, uchafu huo ndio unatangulia kutoka.

Viongozi wakishtuka, wanatuma watu kumwaga klorini ndani ya visima. Hiyo haidumu: maji mapya yanaingia, na baada ya saa chache au siku mbili nguvu imekwisha. Kinachookoa watu ni kutia dawa ndoo kwa ndoo, palepale pa kuchotea. Gramu 15 za HTH, yaani klorini kavu yenye nguvu, katika lita moja ya maji zinatoa mchanganyiko wa asilimia 1. Unajaza ndoo nne za lita 20 kutoka kisima hicho, unatia mililita 4, 6, 8 na 10, unangoja dakika 30, kisha unapima kwa kidonge cha DPD, ambacho rangi yake inaonyesha klorini iliyobaki majini. Ndoo iliyobakiza kama miligramu 0.5 za klorini kwa lita ndiyo inakupa kipimo cha kisima kile. Mvua kubwa ikinyesha unarudia kazi yote, kwa sababu maji ya matope yanakula dawa nyingi zaidi.

Sasa pigeni hesabu. Pipa la HTH la kilo 45 linatoa lita 3,000 za mchanganyiko huo. Kwa mililita 10 kila ndoo, pipa moja linatosha ndoo 300,000. Pipa moja! Kinachobaki ni mshahara wa vijana watakaosimama na sindano za kupimia dawa penye visima tangu alfajiri, na huo ndio mshahara ambao haupewi nafasi katika bajeti yoyote.

Mitaa ya Kasapa na Kamatete, ambako maji ya kiwanda cha madini yalifurika mwezi wa 11 2025, ni jambo jingine. Klorini inaua vijidudu, haiondoi metali, na kuchemsha hakuondoi pia. Visima vile vinahitaji maabara, na majibu yabandikwe penye kisima ili wenye kuchota wayasome.

Kwa hiyo mnapopiga simu redioni, baba na mama, waulizeni wabunge wa mkoa: depo ina mapipa mangapi ya HTH leo, na yalifika lini? HTH ikikaa kwenye joto au pipa likiachwa wazi inapoteza nguvu, basi shehena ya zamani isihesabiwe kabla ya kupimwa. Oda ifanyike mwezi wa nane, mzigo uwe umefika kabla ya mvua ya kwanza.