Vinzi, Mama Mkwe na Udhu wa Mara Tano

Kinzi kikitumbukia kwenye chai yangu, simwagi. Nakitoa kwa ncha ya kijiko, naendelea. Sukari nimenunua mwenyewe, siwezi kuimwaga kwa ajili ya kidudu kisicholipa kodi. Lakini asubuhi ile vilikuwa vinne kwenye kikombe kimoja, na cha tano kimekaa ukingoni kinasubiri zamu kama mgonjwa wa kliniki. Nikaweka kikombe chini.

"Mama Zuhura! Hii ni chai au mchuzi wa dagaa?"

Akaja, akachungulia, akasema kwa utulivu kabisa, "Havina neno hivyo, Baba Zuhura. Vinatoka kwenye maua."

Vinatoka kwenye maua! Yaani vinajulikana hadi kwao, na bado tunaishi navyo kama wapangaji.

Niwaeleze tangu mwanzo. Mie fundi cherehani, nakaa hapa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zilizopewa namba badala ya majina. Miaka yote sebule yetu ilikuwa na makochi, televisheni, na picha ya Makka ukutani, na hatukupungukiwa. Mwaka huu mke wangu kaingiwa na maua. Si maua ninayoyajua mie. Asumini naijua, kilua nakijua, mkadi naujua. Hayo mtu anachuma, anafunga kikuba, nyumba inanukia. Haya ya sasa ni ya ndani. Hayanukii, hayafukizwi, hayaliwi. Yanakaa pembeni tu kama mgeni aliyenuna.

Chungu cha kwanza kuingia kina majani marefu, magumu, yana mistari, yamesimama ncha juu. Nilipoyaona nikamkumbuka marehemu babu. Babu alikata mkonge mashambani enzi za wakoloni, na alipoacha kazi aliapa hataki kuona jani refu lenye ncha mpaka anaingia kaburini. Leo mjukuu wake nimetoa shilingi 25,000 kumleta ndugu yake mkonge ndani ya nyumba, nimpanguse vumbi kwa kitambaa chenye maji. Na kweli ni ndugu, wasomi wa mimea wameyaweka ukoo mmoja.

Chungu cha pili kidogo, maua ya zambarau, majani kama yamevaa mahameli. Muuzaji alimwambia mke wangu ni ua la Uholanzi, ndiyo maana bei imechangamka. Mie nikachukua simu nikaperuzi. Ua la Uholanzi? Hili ni la milima ya Usambara, la hapa hapa kwetu! Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta huku Tanga, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 wakalipa jina la Saintpaulia, la ukoo wao. Tangu hapo limekaa madirishani kwa Wazungu dunia nzima. Sasa limerudi kwetu na bei ya ughaibuni, sawasawa na kijana wa mtaani aliyekaa Muscat miaka miwili akarudi anasema amesahau bada.

Cha tatu kinatambaa, wanakiita mmea wa pesa. Tangu kiingie ndani, pesa haijaonekana.

Nyuma ya hivyo vikaja vinane vingine, na nyuma ya hivyo vinane wakaja vinzi. Vyeusi, vyembamba, urefu wake hata milimita nne havifiki. Msiviite usubi, usubi unang'ata. Hivi having'ati. Kazi yake ni kukukera tu. Vinaruka ovyoovyo kama vimelewa, vinakupita puani, vinatua kwenye kioo cha simu na kutembea juu ya meseji zangu kana kwamba vinatafuta kitu cha kwenda kumwambia mke wangu. Taarifa ya habari ikianza, vinajipanga kwenye uso wa mtangazaji. Usiku mmoja nilidhani waziri ameota kidutu, kumbe kinzi.

Nikapeleka shauri langu kijiweni kwenye kahawa. Kosa kubwa. Mmoja akasema fukiza udi, mwingine akasema mwaga mafuta ya taa, wa tatu akasema mwarobaini, kwa sababu kwake yeye mwarobaini ndiyo jibu la kila kitu mpaka deni. Mzee mmoja akaniuliza, "Maua ndani ya nyumba, kwani uani kumejaa?" Huyo ndiye peke yake aliyesema la maana, na hakunywa hata kahawa yake kwa kunishangaa.

Nikanunua dawa ya kupuliza kwa yule mwenye kipaza sauti, anayepita akiimba mende, kunguni, papasi, viroboto. Nikapuliza sebule mpaka mie mwenyewe nikatoka nje nakohoa. Vinzi vikaanguka, nikavifagia, nikalala kama mfalme. Keshokutwa vimo. Nikapuliza tena. Vimo.

Ndipo nikampigia Zuhura, yuko Morogoro anasoma kilimo. Nimelipa ada ya kilimo, wacha na mie nivune.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, kwenye maua ya mama yako mna vinzi."

Akacheka. Kisha akanipa darasa. Anasema wale unaowaona wanaruka ndio wachache, tena wanaishi wiki moja hivi tu, hata usipowagusa watakufa. Lakini jike mmoja katika hiyo wiki yake anaweza kutaga mayai hadi 200, juu ya udongo wenye unyevu. Baada ya siku chache mayai yanaanguliwa mabuu, meupe ya kuona ndani, vichwa vyeusi. Yanakula kuvu na vitu vinavyooza, yakinogewa yanatafuna na mizizi midogo. Wiki mbili hivi chini, siku chache za kuwa bundo, yametulia yanajibadilisha, kisha yanatoka yana mabawa. Wiki tatu au nne mzunguko umekamilika, na katika joto la huku kwetu mambo huwa haraka zaidi.

Nikamwelewa mara moja, maana nimewahi kukopa kausha damu. Unahangaika na deni unaloliona, kumbe riba iko chini inazaa.

"Sasa baba, hakikisha kwanza kama mabuu yamo. Kata kipande cha kiazi mbatata, kilaze juu ya udongo, kigeuze baada ya siku mbili tatu. Halafu tundika kitu cha njano chenye gundi, wanapenda njano, watanasa."

Nikafanya. Viazi nikakata vipande kumi na kimoja, kila chungu na chake. Njano sikuitafuta mbali: nikalikata dumu la mafuta ya kula, vipande kama kadi za harusi, nikapaka gundi ya panya, nikavitundika kwa uzi wa cherehani kila kona na kimoja mlangoni.

Siku ya pili nageuza kiazi, loo! Chini yake wamelala kama mahujaji Mina. Na yale ya njano yamejaa madoa meusi. Nikafurahi. Sikujua jinsi sebule yangu inavyoonekana kwa mtu asiyejua habari za mabuu.

Jirani akaja kuazima pasi ya mkaa. Akasimama mlangoni. Akatazama vipande vya njano vinaning'inia kwa uzi mwekundu. Akatazama vyungu, kila kimoja na kiazi kibichi kimelala juu ya udongo. Sisi watu wa Tanga mnajua tunavyosemwa. Yule mama hakuingia. Alisema, "Pasi basi, nitapika tu," maneno yasiyo na maana yoyote, akaondoka kinyumenyume. Siku mbili nzima akipita kwetu anavuka ng'ambo ya pili ya barabara.

Huyo alikuwa na nafuu. Alhamisi akaja bwana harusi kuchukua kanzu yake, nikah Ijumaa baada ya sala. Kanzu nyeupe pe, nimeidarizi shingo kwa mkono, kazi ya siku nne. Akaivaa pale pale sebuleni ajitazame kwenye kioo, akainua mikono kupima kwapa, na mkono wa kulia ukaenda moja kwa moja kwenye kadi ya njano. Akavuta. Gundi ya panya, ndugu zangu, haijatengenezwa ili panya abembelezwe. Kadi ikamfuata. Akaipangusa na mkono wa kushoto. Sasa amenasa pande zote mbili, na kifuani ana vinzi thelathini waliokufa wamejipanga kama vifungo. Nilikesha usiku ule nashona mikono mipya. Na bado ile kanzu ilikuwa na doa la njano kiunoni. Nilimwambia asifungue koti mpaka aolewe. Yaani mpaka aoe. Mnaona hata akili yangu ilipofika.

Nikampigia Zuhura kwa hasira.

"Baba, gundi inanasa wakubwa tu. Tatizo ni maji. Hao wanataka unyevu. Udongo wa mama una mboji na makumbi ya nazi, unashika maji kama sponji. Acha sehemu ya juu ikauke kabisa ndiyo utie tena. Mayai na mabuu hayavumilii ukavu."

Akaongeza kwamba huko nje wanatumia hata bakteria, jina lake refu kama treni ya reli ya kati, Bacillus thuringiensis israelensis. Wanachanganya kwenye maji, mabuu wanakula, wanakufa, ua halidhuriki. Akasema ni aina hiyo hiyo inayotumika kutengeneza viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi vya mbu pale kiwandani Kibaha, kile kiwanda tulichojenga kwa msaada wa Wacuba, ambacho Rais Magufuli alikwenda mwaka 2017 akaziagiza halmashauri zikanunue dawa. Nikamwambia mwanangu, mie siwezi kwenda Kibaha kwa ajili ya chai.

Ukavu ni bure. Nikachukua futi yangu ya kazini, inchi moja na nusu, sawa na pindo la suruali. Nikatoboa udongo kwa kidole mpaka hapo. Majimaji. Nikamuuliza mke wangu, "Unatia maji mara ngapi?" Akaapa: mara moja kwa wiki, Jumapili, kama alivyoelekezwa. Nikangoja siku nne. Kidole kinatoka na tope. Siku ya sita, tope. Chungu cha mmea wa pesa kilikuwa kinalia bwebwe kama kinamasi.

Nikaamua kulinda. Nikajifanya mgonjwa wa mgongo, nikajilaza kwenye kochi tangu alfajiri.

Baada ya adhana, mlango wa uani ukafunguka. Mama mkwe. Yuko kwetu mwezi wa tatu sasa, alikuja kutoka Pangani kuangaliwa macho. Ametoka kutawadha, birika mkononi. Akapita chungu kwa chungu, polepole, anamimina maji yaliyobaki, huku ananong'ona, "Kunyweni, waja wa Mungu, kunyweni." Yote kumi na kimoja. Akaenda kusali.

Adhuhuri akarudi. Alasiri. Magharibi. Isha. Maua ya mke wangu yalikuwa yanapata udhu mara tano kwa siku, yalibakiza tu kuelekea kibla.

Sasa niambieni, mwanamume mwenye adabu zake anamwambiaje mama mkwe aache kumwagilia? Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama yako." Akasema, "Mwambie weye mwenye vinzi." Nikamtuma Zuhura kwa simu, mjukuu huwa anasikilizwa. Nikasikia upande wa bibi tu: "Eti? Mti usiotaka maji? Hata ngamia anakunywa, seuze ua. Huko Morogoro ndiko mnakofundishwa kuua viumbe kwa kiu?" Simu ikarudi kwangu imepoa.

Nikatumia akili ya kifundi. Nikavihamisha vyungu vyote kumi na kimoja juu ya kabati la chumbani kwetu, karibu na dirisha, nikasema vinahitaji upepo wa pwani ya Raskazone. Udongo nikauacha ukauke inchi yangu moja na nusu. Ukishakauka, nakiweka chungu kwenye beseni lenye maji nusu saa kinywe kwa chini, juu pabaki pakavu, kisha nakitoa kidondoke. Kwa ajili ya pale kwenye kochi nikaenda sokoni Mgandini nikanunua ua moja kubwa la plastiki, kijani kinachowaka, nikalisimamisha kwenye ndoo nzuri na kokoto. Hilo likawa la mama.

Wiki ya kwanza vinzi vikaendelea kama kawaida. Ya pili vikapungua. Ya nne nikanywa chai ya mkandaa mpaka chini, sikukutana na mtu. Jirani akarudi kuchukua pasi. Mama mkwe naye akawa na furaha, nimemsikia akimwambia mke wangu, "Yale mengine yalikuwa hayana shukrani. Hili nalimwagilia, halijaangusha hata jani." Anasema pia kwamba vinzi vimekimbia kwa sababu ya udi wake wa Ijumaa. Nimenyamaza.

Ila juzi mchana nimeng'atwa na mbu mguuni, mbu wa mchana, miguu ina vidoadoa vyeupe. Nikaua. Nikang'atwa tena. Nikasimama, nikaifuata ile ndoo ya ua la plastiki, nikainua jani, nikachungulia kwenye kokoto. Maji yamejaa mpaka shingoni, na ndani viluwiluwi vinacheza dansi.

Nikatoa simu taratibu. "Zuhura, mwanangu, hebu nikumbushe. Kibaha unashukia wapi?"

Nyuma yangu mlango wa uani ukafunguka. Alasiri imeingia, na birika limejaa.